Pointi ya Kumi na Tano ya Apolonia Kihwele

Apolonia Kihwele ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali jijini Mbeya. Ofisi yenyewe tusiitaje, maana bado anakula mshahara wake humo. Kwa miaka kumi na tisa amekaa masjala, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, akipokea barua, akizigonga muhuri, akiziandika kwenye rejista na kuziweka kwenye majalada. Hajawahi kupoteza jalada hata moja. Kwa sifa hiyo amepandishwa daraja mara moja. Mwenzake aliyeajiriwa naye siku moja, aliyepoteza mawili, sasa ana gari na dereva.

Jumamosi, hata hivyo, Apolonia ni mtu mkubwa. Ni mwamuzi pekee wa mchezo wa vitara katika Nyanda za Juu Kusini nzima. Si kwamba aliwashinda wengine. Walikuwa watatu waliopata mafunzo. Mmoja akahamia Mwanza, mwingine akaokoka na kutangaza kwamba vyuma vyenye ncha si vya Bwana, akabaki yeye. Hakuna anayemlipa. Chama humpa chai na fulana, na fulana yenyewe huwa ya mashindano ya mwaka uliopita. Mumewe Kasian, fundi redio, akiulizwa mkewe huenda wapi kila Jumamosi hujibu kwa kifupi, "Anaamua ugomvi."

Habari hii ilianzia Iringa. Apolonia ni mtoto wa Tosamaganga, na alipokuwa kidato cha pili mama yake alimtuma mjini kununua misumari ya banda la kuku. Duka lilikuwa la Bharat, mzee wa Kihindi ambaye ujanani alipelekwa kusoma Pune, akarudi na shahada ya biashara ambayo hakuwahi kuifungua na vitara vinne alivyovifungua kila wiki. Nyuma ya duka, katikati ya mabati na mifuko ya saruji, yeye na jamaa zake walikuwa wakicheza. Apolonia alisikia vyuma vinagongana, akachungulia, akaona watu wawili wenye makoti meupe na nyuso za wavu wa waya.

"Kamwene," alisalimia, maana adabu ni adabu. "Mnarina asali humu ndani?"

Bharat alicheka mpaka akavua kofia yake ya waya. "Ingia uone. Lakini usiguse kitu."

Aligusa, bila shaka. Kwa miaka mitatu alijaribu kucheza, na kwa miaka mitatu aliguswa na kila mtu kama kengele ya mlango. Mikono mifupi, miguu mizito. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa: kitara ni chembamba, ncha yake butu, na anayemgusa mwenzake kwanza anapata pointi. Wakigusana kwa wakati mmoja, kila mmoja anapata yake. Wa kwanza kufika kumi na tano ameshinda. Lakini wakifungana kumi na nne kwa kumi na nne, mguso wa pamoja hauhesabiwi. Wanarudia mpaka mmoja amtangulie mwenzake. Apolonia hakumtangulia mtu yeyote. Ila macho yake yalikuwa na kipaji cha ajabu. Vyuma vikipishana kwa kasi ambayo wengine waliona mng'ao tu, yeye alisema, "Huyu kwanza," na kweli alikuwa ni huyo.

"Binti," Bharat alimwambia siku moja, "wewe hujui kupiga. Lakini unajua nani kapiga. Wapigaji tunao tele."

Ndivyo alivyopata kazi isiyo na mshahara, miaka kadhaa kabla ya kupata ile yenye mshahara mdogo.

Ofisini Mbeya hakuna aliyejua habari hizo mpaka siku alipoomba ruhusa ya siku mbili kwenda "kuamua mashindano ya fensing Iringa". Barua ilipanda kwa Mkuu wa Idara, Bwana Liberatus, mtu mwenye sauti nzito, tumbo la heshima na tabia ya kusoma mstari wa kwanza wa kila barua. Ilishuka na dokezo: *Ruhusa imetolewa. Vilevile aingizwe kwenye kamati ya fensi ya shule ya Uyole. Kumbe tuna mtaalamu ndani.*

Apolonia alipanda ngazi kwenda kumwona.

"Mkuu, ile si fensi ya uzio. Ni mchezo. Watu wanagusana kwa vitara."

"Andika barua ufafanue."

Akaandika. Kwa kuwa barua zote huingilia masjala, aliipokea mwenyewe kutoka kwake mwenyewe, akaigonga muhuri, akaiandika kwenye rejista na kuipandisha. Ikarudi baada ya wiki mbili: *Nimeiona. Aendelee na kamati.*

Akaendelea. Wanakamati wenzake walifika Uyole, wakanywa soda ya mkandarasi, wakasaini kwamba uzio umekamilika. Apolonia aliuzunguka kwa miguu akihesabu nguzo. Karatasi ilisema mia moja na ishirini. Zilizosimama zilikuwa tisini na saba.

"Mama, nyingine zipo ardhini," mkandarasi alimweleza kwa upole.

"Zitoke basi nizione."

Hakusaini. Ilichukua mwezi mzima, lakini nguzo ishirini na tatu zilitoka huko ardhini zilikokuwa. Bwana Liberatus alifurahi sana, maana mkaguzi alipokuja alimpongeza yeye. Ndipo akauliza, kwa mara ya kwanza, huo mchezo hasa ni kitu gani. Alipoelezwa alikwenda kusimulia nyumbani kama kichekesho cha mezani, na binti yake Eveline, aliyekuwa kidato cha tatu na amechoshwa na netiboli, hakucheka. Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa pale Uyole, mahali ambapo Apolonia alikuwa akifundisha watoto wa mji kanuni za mchezo.

"Shikamoo mama. Baba kasema mna mapanga."

"Marahaba. Baba yako atasema mengi. Vaa kofia."

Pale ukumbini alimkuta Tumpe, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Ubaruku, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake kwa ajili ya shule. Eveline alikuwa mrefu na mwenye hasira. Tumpe mfupi na mwenye subira. Walichukiana kwa wiki tatu, kisha wakawa hawawezi kufanya mazoezi na mtu mwingine. Ndani ya miaka miwili, hakuna msichana kati ya Mbeya na Iringa aliyeweza kuwagusa mara kumi.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa walipokutana fainali. Mashindano yalifanyika Iringa, kwenye ukumbi wa shule, na mshindi alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuiwakilisha kanda. Kanuni zinakataza mwalimu kuamua pambano la wanafunzi wake. Lakini kanuni ziliandikwa na watu wenye waamuzi zaidi ya mmoja. Mwenyekiti wa chama, Bwana Philbert, alilimaliza suala hilo kwa kusema kwamba kwa kuwa wote wawili ni wanafunzi wake, upendeleo utajifuta wenyewe.

Kulikuwa na mashine ya taa mbili, nyekundu na ya kijani, msaada kutoka nje. Aliyegusa kwanza, taa yake inawaka. Iliwaka vizuri wakati wa hotuba ya mgeni rasmi. Pambano lilipoanza, ikazimika. Ikabaki kazi ya macho ya Apolonia.

Mstari wa mbele alikaa Bwana Liberatus na suti yake ya kijivu, akiwa amewaleta watumishi wanne wa idara kwa gari lililokuwa kwenye safari ya kikazi, kazi yenyewe ikiwa ni kushangilia. Walishangilia kwa nidhamu, kila alipoanza yeye. Eveline alitangulia, Tumpe akamfikia, Eveline akatangulia tena. Wakafika kumi na nne kwa kumi na nne. Kabla ya pointi ya mwisho wachezaji walipewa dakika moja ya kunywa maji, na Bwana Philbert akasogea pembeni ya Apolonia, akitabasamu kuelekea upande mwingine.

"Mama Kihwele, mimi sikufundishi kazi. Ila mguso wa pamoja si upo kwenye kanuni? Warudie mara mbili tatu, mashine itapona, umeme utaamua. Wewe una watoto wanasoma."

"Mguso wa pamoja sharti utokee kwanza, mwenyekiti."

"Ninasema tu."

"Nimesikia unasema tu."

Apolonia akarudi mahali pake. Alimwona mkuu wake kwa pembe ya jicho, suti nzima ya kijivu, na akajiambia kwamba leo hatatazama sura ya mtu. Akatoa amri ya kuanza. Wasichana walipimana, wakarudi nyuma, wakapimana tena, kisha wote wawili wakaruka mbele kwa pamoja. Vyuma vililia. Apolonia alinyoosha mkono bila kusita.

"Tumpe."

Ukumbi ulilipuka. Tumpe alisimama kama aliyesahau njia. Eveline alivua kofia, akamtazama mwamuzi. Kisha akampa mwenzake mkono kama inavyotakiwa. Bwana Liberatus alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti, na watumishi wanne wakasimama naye wakafunga vyao. Kabla jua halijazama, picha ya Apolonia amenyoosha mkono ilikuwa imezunguka kwenye simu zote za idara: mwanamke aliyemnyima ushindi mtoto wa bosi, mbele ya bosi. Watu ambao hawajawahi kumsalimia ngazini walimwandikia *hongera jembe*. Alilala kwa mama yake Tosamaganga akiwa, kwa mara ya kwanza maishani, shujaa.

Ushujaa wake ulidumu mpaka saa saba mchana wa siku iliyofuata.

Baada ya misa alikwenda kula kwa mwalimu wake. Bharat alikuwa amezeeka, duka ameliachia watoto. Mkewe Kumud alikuwa amerekodi fainali nzima kwa simu mpya, na kabla ya chapati kufika mezani alikwisha kuifungua.

"Tazama mkono wako ulivyonyooka," alisema Kumud kwa fahari. "Ngoja nikuwekee polepole."

Akamwekea polepole. Ncha ya Eveline iligusa bega la Tumpe. Kisha, baadaye kidogo, muda wa kope kushuka, ncha ya Tumpe ikagusa mkono wa Eveline. Apolonia aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya nne Kumud aliacha kutabasamu, akaenda kutazama chapati.

"Kula kwanza," alisema Bharat.

"Mwalimu, nimekosea."

"Niliona jana palepale."

"Mbona hukusema?"

"Mwamuzi ulikuwa wewe. Tena macho yangu yana mtoto wa jicho. Nilidhani kosa ni lao."

Apolonia hakula. Kilichomuuma si kwamba macho yalimdanganya; macho hayakupewa nafasi. Alijua sasa. Aliogopa sana kumpendelea mtoto wa mkuu wake, akawa amekwisha amua kabla vyuma havijakutana. Mkono ulinyooka kwa ujasiri, na ujasiri huo ndio uliomdhulumu mtoto wa watu.

Kanuni zilimpa mlango wa kutokea. Matokeo yakishasainiwa hayabadiliki, na yalikuwa yamesainiwa, mihuri mitatu. Angeweza kunyamaza akabaki shujaa. Lakini huyu ni mtu aliyezunguka uzio mzima kuhesabu nguzo. Wiki ile ilikuwa likizo ya shule. Aliomba ruhusa ya siku moja, akashuka mpaka Rujewa, akakodi bodaboda kwenda Ubaruku, ambako Tumpe alikuwa kwao.

Baba yake Tumpe, mzee Saulo, alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti kizuri karibu na mashine ya kukobolea. Apolonia akaeleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtu anayehakikisha hajasikia vibaya.

"Mama, umetoka Mbeya, kwa nauli yako, kuja kuniambia mwanangu alishindwa?"

"Ndiyo, baba."

"Watu wa serikali wakija huku huwa wanakuja kuchukua kitu. Lakini kwa kawaida hutuma karatasi."

"Karatasi inakuja. Nilitaka mnisikie mimi kwanza."

Tumpe alikuwa amesimama mlangoni. "Niliusikia mguso wake," alisema. "Begani. Niliusikia kabla ya wangu." Akatazama chini. "Nikanyamaza, kwa sababu wewe ulikuwa umesema. Nikajiambia mama hakosei."

Neno hilo lilimuuma kuliko lawama. Aliporudi Mbeya aliandika barua ya kurasa mbili kwenda kwa chama, nakala kwa wachezaji wote wawili: mwamuzi alikosea, pointi ilikuwa ya Eveline, ushahidi umeambatanishwa. Akasaini kwa jina lake kamili.

Hapo ndipo Apolonia alipoielewa nchi yake. Alipokosea aliitwa jembe. Aliposema kweli akaitwa mjikombaji. Habari ilishuka ngazi za ofisi haraka kuliko barua yoyote aliyowahi kuihudumia: kumbe mama wa masjala naye anatafuta cheo. Amemrudishia bosi ushindi, subirini mtaona. Wale wa *hongera jembe* walifuta. Mmoja alimwambia kwa huruma ya kweli, "Da Apo, ungejikomba mapema basi, palepale ukumbini, ungeonekana una akili."

Bwana Liberatus alimwita. Hakumkaribisha kiti.

"Unataka nini? Uhamisho? Daraja?"

"Sitaki kitu, mkuu. Nilikosea, nimesahihisha."

"Mke wangu ananiuliza nilikutisha kwa lipi. Shemeji zangu wananiuliza. Mchungaji kaniuliza! Nimekaa nimenyamaza, nimeshindwa kiungwana, watu wameanza kunisifu kwa hilo, halafu wewe unaleta kurasa mbili. Iondoe hiyo barua."

"Ikishaingia kwenye rejista haitoki, mkuu."

"Rejista ya nani?"

"Ya chama. Ila na yao naitunza mimi."

Mkuu akamwambia aende. Kwa miezi miwili iliyofuata maombi yake yote ya bahasha na wino yalirudi yameandikwa *subiri*.

Chama kilikaa vikao vitatu. Hakuna aliyekuwa na mfano wa barua kama ile. Malalamiko yalikuwepo, rufaa zilikuwepo, matusi yalikuwepo, lakini mwamuzi kujishtaki mwenyewe hakukuwa na jalada. Mwishowe Bwana Philbert akamletea uamuzi katika karatasi moja. Aya ya kwanza ilimpongeza kwa uadilifu wake wa mfano. Aya ya pili ilimpa onyo kali kwa kuutia mchezo doa. Aya ya tatu ilimwomba aendelee kuamua mashindano yote, kwa kuwa hakuna mwingine. Matokeo yanabaki.

Wasichana hawakuridhika. Jumamosi moja shule zilipofunguliwa walimfuata ukumbini Uyole, wameshavaa.

"Mama, tunataka pointi moja tu," alisema Eveline. "Ile ya kumi na tano. Utuamulie."

"Siamui kitu kisicho kwenye ratiba. Nina onyo kali."

"Basi tutaamua wenyewe," alisema Tumpe. "Anayeguswa atasema."

Apolonia aliwatazama. Kisha akachukua kiti, akakipeleka mlangoni, akakaa akiwapa mgongo, akaanza kukunja makoti. Alisikia viatu vikiburuzwa sakafuni, kwenda na kurudi. Vyuma viligusana mara mbili, vikatulia. Nje lori lilipita barabarani likafunika kila kitu. Mara ya tatu vyuma vililia kwa nguvu, kisha kimya, na ndani ya kimya hicho akasikia sauti ya Tumpe, wazi, bila kusukumwa na mtu:

"Nimeguswa. Begani, tena."

Wakacheka wote wawili. Apolonia alikunja koti lilelile mara tatu kabla ya kugundua.

Tumpe akaandika barua kukitaarifu chama kwamba amejitoa na nafasi ni ya Eveline. Bwana Philbert, aliyekuwa amechoka na barua za watu waaminifu, aliwapeleka wote wawili, Tumpe akiwa mchezaji wa akiba. Apolonia hakualikwa. Huko Dar es Salaam Eveline alitolewa raundi ya pili na msichana wa Arusha, kumi na tano kwa sita, na hakuna gazeti lililoandika.

Jumatatu yake Bwana Liberatus alishuka masjala mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu jengo lijengwe. Alisimama mbele ya meza, akatazama rafu, akatazama dirisha na ukuta wake.

"Nilikuwepo," alisema. "Yule mwamuzi wao nilimwona kama anamwonea mtoto."

"Sikuwepo, mkuu. Siwezi kusema."

"Eveline anasema hapana. Anasema aliguswa mara zote kumi na tano kihalali. Kanikatalia kukata rufaa, mbele za watu." Akakohoa. "Hajawahi kunijibu hivyo huyu mtoto. Nilitaka kumkemea, nikajikuta nimemnunulia chipsi."

Apolonia akagonga muhuri kwenye barua iliyokwisha gongwa.

"Bahasha zako nimezipitisha," alisema mkuu, akageuka kuondoka. Alifika mlangoni, akasimama. Hakugeuza uso.

"Mama Kihwele, huo mchezo... mtu wa miaka hamsini na mbili anaweza kuanza?"

Apolonia alilitazama lile tumbo la heshima kwa macho yale yale ambayo Bharat aliyasifu, akalipima upana wake kama shabaha, na akajizuia kusema alichokiona.

"Anaweza, mkuu," alisema, akifungua droo. "Kuna fomu. Unajaza nakala tatu."